Moyo Haulindwi kwa Kununiana

Jumamosi iliyopita kwenye jumuiya yetu hapa Moshi, mama mmoja alisimama kushuhudia. Alisema Mungu amempa ushindi, maana tangu ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ulipoanza baada ya mazishi ya mzee, ameacha kabisa kumsalimia wifi yake. Wakikutana njiani anapita. Simu yake hapokei, na ukoo ukiitisha kikao haendi. "Nimeamua kuulinda moyo wangu," alisema, akataja Mithali 4:23. Tukaitikia Amina na pambio likaanzishwa.

Ile Amina imeninyima raha wiki nzima. Mama yule ameumizwa na simhukumu. Ninaowasema ni sisi tulioitikia, kwa sababu ndivyo mstari ule unavyotumika siku hizi mjini kwetu. Utaukuta kwenye status, utausikia kwenye semina za vijana na kwenye maneno ya kumfunda bibi harusi. Kulinda moyo kumekuwa kufuta namba ya mtu, kumnunia, kumhesabu kuwa hayupo, na ukishamweka mbali aliyekukosea unaambiwa umeshinda.

Naomba tufungue Biblia tusome na yanayofuata. "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo; maana ndiko zitokako chemchemi za uzima." Baba anayemfundisha mwanawe pale anahangaikia kitakachotoka ndani ya kijana wake kwenda kwa wengine. Ndiyo maana mstari wa 24 unakimbilia kinywa: kiwe mbali na ukaidi na upotovu. Wa 25 unashika macho, yatazame mbele. Kisha miguu, mpaka anapomalizia: "Ondoa mguu wako maovuni." Mguu wako wewe. Nakubali kwamba juu kidogo, mstari wa 14 na 15, tunaonywa tusiingie katika njia ya waovu. Lakini hata pale tunakatazwa kwenda kutenda wanayotenda, wifi hajatajwa.

Bwana Yesu alilisema waziwazi zaidi katika Mathayo 15: moyoni hutoka mawazo mabaya, uuaji, uzinzi, uasherati, wivi, ushuhuda wa uongo na matukano. Orodha yote inatoka ndani kwenda nje. Na Paulo alipowavisha Waefeso silaha za Mungu, kile kinachofunika kifua, pale moyo ulipo, alikiita dirii ya haki. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama moyo wake una ulinzi aanze kwa kuangalia anavyoishi na watu: anachowalipa, anachosema wasipokuwepo, mpaka wa shamba lake umepita wapi.

Sisi wa mlimani tungepaswa kuelewa haraka kuliko wengine, maana tumekulia kwenye mifongo, ile mifereji inayoshusha maji mashambani. Mwenye shamba la juu akiyachafua maji, wa chini ndio wanaochota tope, hata kama hawajamkosea lolote. Watoto wa wale mawifi wawili wanasoma shule moja. Tayari hawasalimiani, na hakuna aliyewaambia ugomvi ulianzaje.

Nataka nikae kwenye suala la kihamba, kwa sababu hapo ndipo mioyo ya Wakristo wa Kilimanjaro inapoharibika, na hatuhubiri juu yake inavyotakiwa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Wakatoliki walikuwa wameshafika Kilema. Ni zaidi ya miaka 130 ya Injili kwenye mlima huu, makanisa ya mawe, kwaya, shule, hospitali, maaskofu. Na bado ndugu wa tumbo moja wanaamka usiku kung'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, na kuyasogeza hatua mbili ndani ya migomba ya dada yao mjane, kisha Jumapili wanakaa benchi la mbele. Mithali 22:28 inasema, "Usiondoe alama ya mpaka ya kale, iliyowekwa na baba zako." Sijui ni andiko gani lingeweza kutugusa sisi moja kwa moja kuliko hilo, na sikumbuki lini nimesikia likihubiriwa.

Wazee wetu waliyatumia masale kwa mambo mawili. Waliyapanda mpakani, na waliyachukua mkononi walipokwenda kuomba msamaha. Ukimkosea mtu sana, kosa la damu hata, ulipeleka sale, na aliyeletewa hakuwa na ruhusa ya kulikataa hivi hivi. Ilimbidi akae chini asikilize. Bibi yangu alikuwa Mlutheri wa kufunga na kuomba, na hakuona kwamba jambo hili linapigana na imani yake. Alisema ni Mathayo 5 ile ile: ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, ukapatane naye kwanza. Angalieni anayetakiwa kuinuka na kwenda. Sasa fikirini mnada wa sikukuu ya mavuno, jinsi tunavyoshindana kupandisha bei ya mkungu wa ndizi na jogoo kwa ajili ya Bwana. Ni wangapi kati yetu wangelazimika kuacha ule mkungu pale mlangoni na kupanda kwanza kwenda kwa kaka?

Mtu aliyesogeza mpaka hawezi kuwa na amani moyoni, hata akifunga siku 40. Atamchukia aliyemdhulumu, maana kila akimwona anakumbuka. Atatafuta kosa kwake ili ajihesabie haki. Atasema yule ni mchawi, atasema ni mlevi wa mbege, atawafundisha watoto wake kuyasema hayo. Hivyo ndivyo dhuluma ndogo ya hatua mbili inavyokwenda kuuharibu moyo mzima. Dawa yake ya kwanza ni jembe: ayarudishe masale mahali pake, na mashahidi wawepo. Machozi yake kwenye maombi ya usiku Mungu anayaona, lakini mjane anahitaji kuona migomba yake imerudi.

Na aliyedhulumiwa je? Hapa wengi watanikasirikia. Sisemi akae kimya. Aende kwenye ukoo, aende baraza la kata, adai haki yake mchana kweupe, maana kudai haki si dhambi. Asimchukie tu, asimtangaze vibaya. Tuliopita kipaimara tulikariri Katekisimu Ndogo. Katika amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo, Luther anatufundisha kumtetea jirani, kumsema vema, na kuyachukua mambo yake yote kwa upande mzuri. Tulikariri tukiwa watoto, tukapewa cheti, tukala pilau. Wapi tunaitumia?

Amri ya saba, usiibe, nayo ni hivyo hivyo: inagusa pia mali mbaya na biashara ya hila. Mfanyabiashara anayemfungia mkulima lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, huku gari lake limeandikwa Yesu ni Bwana anauharibu moyo wake kila gunia linaposhonwa. Anayemcheleweshea binti wa kazi mshahara miezi mitatu asome Yakobo 5:4. Na simu, kila mtu anajua anachoangalia usiku.

Kuna watu ambao kweli inabidi ukae mbali nao. Mwanamke anayepigwa atoke nyumbani humo leo, na mtu asimwambie habari za kuvumilia. Mithali 22:24 yenyewe inatukataza urafiki na mtu mwenye hasira nyingi. Hayo nayakubali yote. Lakini wifi aliyekunyima kipande cha kihamba si mtu wa kukupiga panga, na kutomsalimia hakukulindi na chochote.

Wengine wataniambia tunaokolewa kwa neema na hayo matendo ni mzigo wa sheria. Mimi ni Mlutheri, hilo nalijua tangu sijajua kusoma. Daudi hakusema atajiumbia moyo safi; aliomba aumbiwe, na Zaburi ya 51 ndiyo sala yangu mwenyewe siku nyingi. Lakini ukishapewa moyo safi bure, utaurudisha kwenye uongo na kwenye shamba la mtu kwa sababu haukukugharimu? Neema imemgharimu Kristo damu yake. Kuishi kwa haki ndiyo namna yetu ya kutokuichezea.

Desemba inakuja. Barabara ya kutoka Dar itajaa magari, moshi utafuka kila kihamba, na nyumba mpya zitakuwa zinasubiri kuwekwa wakfu. Wachungaji wetu na mapadre wetu, nawaomba kwa heshima yote: kabla ya kuvaa kanzu na kwenda kuibariki nyumba, waulizeni majirani wa juu na wa chini mpaka ulikuwa wapi mzee alipokuwa hai. Mkisikia kuna dada anayelia upande wa pili wa masale, ahirisheni ibada. Nyama itakuwa imeshachomwa na wageni watanung'unika. Ahirisheni hivyo hivyo, mkae na wote wawili mpaka waelewane.