Nani Anahakiki Mizani Iliyoko Angani?

Mizani ya muuza nyama ikitiliwa shaka, mkaguzi wa vipimo huifuata pale pale buchani na mawe yake. Mizani inayozunguka dunia takriban kilomita 500 juu yetu haina wa kuifuata. Ndiyo maana kazi ya kuhakiki vigunduzi vya chembe vikiwa tayari angani naiheshimu kuliko hata ugunduzi unaotangazwa, na inaniuma ikitupiwa sentensi moja mwishoni mwa habari.

Tazama Fermi, darubini ya miale ya gama iliyorushwa na NASA tarehe 11 Juni 2008. Ndani yake mna fuwele 1,536 za iodidi ya sesiamu. Chembe ikipita, fuwele hutoa mwanga, na wingi wa mwanga huo ndio unaoeleza nishati iliyoachwa. Tatizo ni kwamba mionzi huzichakaza fuwele: katika miaka ya mwanzo mwanga ulipungua takriban asilimia 1 kila mwaka. Usipolijua hilo, utadhani miale yenyewe ndiyo imepungua nguvu.

Jiwe la mizani la timu ya Fermi ni miale ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi zitokazo anga za mbali, ile ile inayowasumbua kama kelele. Protoni yenye kasi ikikatiza fuwele ya unene wa sentimita 2 huacha nishati ya takriban MeV 11 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), leo kama ilivyokuwa jana. Kwa vipimo vizito zaidi hutumia viini vya atomi, kaboni hadi chuma.

Halafu kuna usumaku wa dunia, na hapa mimi huishiwa maneno. Usumaku huo huzirudisha elektroni zenye nishati ndogo zitokazo mbali, na kikomo chake hukokotolewa kwa kila mahali setilaiti inapopita. Timu ya Fermi ililinganisha kikomo hicho na ilichopima, kati ya takriban GeV 6 na 13 (GeV moja ni MeV 1,000). Tofauti ikawa asilimia chache tu.

Lakini jiwe hilo linaishia hapo. Mwaka 2008 kigunduzi cha ATIC, kilichobebwa na puto juu ya Antaktika, kiliripoti ziada ya elektroni kati ya GeV 300 na 800, na wengi wakaanza kutaja maada ya giza, ile isiyoonekana ila hujulikana kwa mvutano wake. Mwaka uliofuata Fermi haikuona nundu hiyo. Huko juu usumaku wa dunia hausaidii tena. Hutegemewa majaribio ya mwaka 2006 huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, yaliyofanywa kwa moduli (vipande) za akiba za darubini hiyo, pamoja na uigaji wa kompyuta. Hilo nataka liandikwe aya ya kwanza, kabla ya neno “ugunduzi”.