Bunduki ikiwa angani haina shida, shida inaanzia kwenye mkanda wa mizigo

Kila nikiwaambia ndugu zangu wa Dar kwamba huku Marekani mtu anaruhusiwa kabisa kupanda ndege ya abiria huku bastola yake iko kwenye begi linaloenda chini, wanaona nawapiga fiksi. Wanauliza inakuaje mimi nanyang'anywa chupa ya maji pale kwenye ukaguzi alafu jirani yangu wa siti ana silaha tumboni mwa ndege hiyo hiyo. Swali zuri tu, ila naona watu wanaogopa sehemu ambayo siyo.

Utaratibu wenyewe kwakweli haujakaa vibaya. Silaha inatolewa risasi zote, inawekwa kwenye kasha gumu lenye kufuli, na kasha likiwa la ovyo kiasi kwamba mtu anaweza kulibinua pembeni akapitisha mkono wanalikataa. Unaenda nalo kaunta, unamwambia yule dada wa shirika la ndege kwamba mzigo una silaha, anakupa kikadi unasaini kuwa haina risasi, kikadi kinaingia na mzigo, basi. Funguo unabaki nayo wewe, wale jamaa wa ukaguzi, TSA, wakitaka kufungua wanakutafuta. Risasi nazo zinakaa chini kwenye boksi lake na mashirika mengi yanaishia kilo 5 kwa abiria. Alafu kuna hii ambayo wengi hawaijui, sheria inakataza shirika la ndege kubandika lebo nje ya begi inayoonyesha ndani kuna silaha, maana ingekuwa ni kuwaita wezi. Kuna hadi wapiga picha wanaoweka ile bastola ya kuanzishia mbio kwenye kasha la kamera makusudi, kwa sababu nayo inahesabiwa kama silaha, basi jamaa anafunga kufuli zake mwenyewe na lenzi zake za maelfu ya dola zinasafiri kwa heshima zote. Wajanja hawakosekani.

Kwa hiyo ndege ikiwa angani hakuna abiria anayeweza kuifikia hiyo silaha. Wanaonikera mimi ni wa begi la mkononi. Mwaka 2023 TSA walikamata bunduki 6,737 kwenye ukaguzi wa abiria, uwanja wa Atlanta peke yake 451, na zaidi ya 90 kwa kila 100 zilikuwa na risasi ndani. Na ukiwauliza utetezi ni ule ule, nilisahau. Unasahauje bunduki?? Funguo za gari sawa, chaja sawa, ila mtu ambaye hajui bunduki yake iko wapi asubuhi hiyo mi naona hakustahili kuwa nayo kabisa, na faini ya maelfu ya dola wala simwonei huruma.

Sasa turudi kwa hao waliofuata utaratibu, maana hapo ndo kuna tundu. Tarehe 6 Januari 2017 jamaa anaitwa Esteban Santiago alitoka Anchorage kule Alaska, akabadilisha ndege Minneapolis, akatua Fort Lauderdale, Florida. Mzigo wa chini alikuwa nao mmoja tu, kasha lenye bastola, na alilitaja kaunta kama sheria inavyotaka. Akatua, akapewa kasha lake, akaingia nalo chooni, akapachika risasi, akatoka akaanza kuwapiga risasi watu waliosimama wakisubiri mabegi yao. Watu 5 walikufa na wengine 6 walipigwa risasi wakapona. Kinachouma zaidi ni kwamba miezi miwili nyuma yake huyu huyu alikuwa ameenda mwenyewe ofisi za FBI akidai akili yake inadhibitiwa, polisi wakachukua silaha yake, baadaye wakamrudishia. Na pale Florida sheria ilikuwa inakataza bunduki ndani ya jengo la abiria, ila iliyofungwa kama mzigo inaruhusiwa. Yani sheria haikuvunjwa mpaka alipofungua lile kasha.

Ndo maana nasema kasha lenye silaha lisikabidhiwe hivi hivi. Lipelekwe ofisi ya mizigo, mwenyewe aje na kitambulisho, na kabla ya kupewa lifungwe ile mikanda ya plastiki ambayo bila kisu au mkasi huikati. Baadhi ya mashirika yanafanya hivyo, mengine bado unalikuta linazunguka na masanduku ya nguo za watoto. Wenzetu wenye silaha watasema eti Marekani eneo la kuchukulia mizigo liko wazi, mtu yeyote anaingia kutoka mtaani, na majimbo kama Texas yanaruhusu silaha mpaka kabla ya ukaguzi, sasa hiyo mikanda ya plastiki inazuia nini? Ni hoja nzito na sina jibu la kuimaliza yote. Ila wa mtaani hajapewa silaha na mfanyakazi wa uwanja ndani ya uwanja. Dakika kumi za kutoka nje kwanza mpaka kwenye gari sio kunyimwa haki, jamani.

Kwetu Bongo hapa tumewashinda, niseme tu. Mwindaji wa kitalii akitua KIA na bunduki yake haondoki nayo kama mkungu wa ndizi, kuna kibali, na namba ya silaha inalinganishwa na karatasi. Huku Marekani kwenye safari za ndani namba hakuna anayeiuliza, kaunta wanataka kujua kama haina risasi na imefungwa, mengine ni yako.

Na kwa Waswahili wenzangu mnaoishi huku na mnamiliki, hilo jambo la kupokea begi linaweza kukugeukia hata kama huna ubaya wowote. Kuna mtu wa Utah mwaka 2005 alikuwa anaenda Pennsylvania na silaha yake halali, ndege ikachelewa akakosa ya kuunganisha pale Newark, New Jersey, akapewa begi lake akalala nalo hotelini. Asubuhi kaenda kaunta kalitaja kama kawaida, akakamatwa akawekwa ndani, kwa sababu New Jersey ina sheria zake kali. Mashtaka yalifutwa, akafungua kesi, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikamwambia ile sheria ya 1986 inayomlinda msafiri anayepita jimbo na silaha haimlindi, kwani hotelini aliweza kuifikia. Kwa hiyo ukikwama New Jersey au New York usiliguse begi, waambie shirika walibaki nalo mpaka ndege ya kesho, ng'ang'ania hata wakikukunjia sura. Na wewe mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi, hii habari haikuhusu kabisa, kwako kushika tu bunduki inaweza kuwa kosa kwa sheria ya serikali kuu kama huna kitu kama leseni ya uwindaji, usije ukakubali rafiki akuwekee kasha lake kwenye begi lako eti la kwake limejaa.