Kutodaiwa Si Sifa Huku Ugenini

Nilipohamia Marekani kutoka Kenya, nilijivunia kwamba sikudaiwa na benki, chama wala jirani. Kwetu, asiyedaiwa ndiye mwenye jina safi, na CRB, yaani ofisi inayotunza rekodi za mikopo ya watu, hutajwa tu mtu anaposhindwa kulipa. Kwa hiyo nilishangaa benki iliponinyima kadi ya mkopo kwa barua ya mistari minne, sababu ikiwa kwamba sikuwa na historia yoyote ya mikopo.

Nilianza na kadi ya dhamana: niliweka dola 300 benki, nikaruhusiwa kutumia kiasi hicho hicho. Kila mwezi nililipa deni lote kabla ya siku ya mwisho, na bado alama zangu za mikopo, yaani namba inayoonyesha jinsi ninavyoaminika kukopeshwa, zilibaki chini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba benki hii hupeleka taarifa zangu kwa mashirika yanayotunza rekodi za mikopo siku inapofunga hesabu ya mwezi, wiki tatu hivi kabla ya siku ya kulipa, na siku hiyo mimi huwa nadaiwa dola 270, yaani asilimia 90 ya kikomo changu. Katika mizani ya FICO, inayotumiwa huku kupima alama hizo kuanzia 300 hadi 850, kulipa kwa wakati kuna uzito wa takriban asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Nikaanza kulipa siku tatu kabla ya hesabu kufungwa, na alama zikapanda ilhali mshahara wangu haukuongezeka hata senti. Naona ni mchezo wa ajabu, lakini sheria zake zinajulikana.

Baadaye nilikopa kupita kiasi, nikawa na kadi mbili zilizojaa. Nililipa kiwango cha chini kwenye ile ya riba ndogo na kuelekeza kila dola iliyobaki kwenye ile ya riba kubwa, hadi nikaimaliza. Hata hivyo, malipo niliyochelewesha hayakufutika kwa kuwa nimemaliza deni, kwani huku rekodi ya kuchelewa hukaa miaka 7.

Nyumbani kosa hubaki miaka 5 tangu deni lilipwe, na tangu kanuni za 2013 taasisi za mikopo hupeleka pia taarifa za wanaolipa vizuri. Kinachonikera ni kwamba bado tunaisoma CRB kama orodha ya aibu, na anayeiogopa haendi kuangalia kilichoandikwa juu yake. Mdogo wangu alimaliza kulipa mkopo wa simu, mkopeshaji asipeleke taarifa, naye akajua hilo siku mwajiri alipomtaka alete cheti cha CRB. Angeweza kuligundua mapema, kwa kuwa kila mwaka ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo.

Nami huku niliwahi kukuta kwenye ripoti yangu deni la mtu ninayefanana naye jina. Niliandika barua ya kulipinga, nikaambatisha nakala ya kitambulisho, na kwa kuwa sheria huwapa watunza rekodi hao kwa kawaida siku 30 za kuchunguza, liliondolewa kabla mwezi haujaisha. Nilimweleza mdogo wangu, naye akapinga la kwake kwa njia hiyo hiyo. Sasa huitisha ripoti kila Januari, na ya mwaka huu alinipigia picha: ule mkopo umo, umeandikwa kwamba umelipwa wote.