Watoto wanataka kupanda kitu: mitoko ya wikiendi hapa Dar

Kila nikikutana na wazazi wenzangu pale shuleni kwa watoto swali ni lile lile, "nyie wikiendi mnaendaga wapi?" na mimi siku hizi najibu kwa swali, mnapanda nini? Wananiangalia. Lakini nimetoka na watoto hapa Dar karibu kila mwisho wa wiki kwa miaka kama sita hivi na nina uhakika na hili ninalosema, mtoto wa chini ya miaka kumi hajali sana mnafika wapi, anajali chombo mlichopanda kufika huko.

Nilijifunza kwa gharama. Desemba moja niliwapeleka wote watatu sehemu ya michezo ya watoto, siitaji jina, kiingilio unalipa mlangoni halafu ukishaingia kila mchezo una bei yake, bembea bei yake, treni ndogo ya kuzunguka bei yake, lile jumba la kurukia la upepo dakika kumi tu mnaitwa mtoke. Kufika saa nane mchana elfu sitini imeisha, kitindamimba analia anataka tena, wa katikati analia kwa sababu mdogo wake analia, baba yao kanuna. Jioni nikawauliza kila mmoja leo umefurahia nini, wa katikati akanijibu bila hata kufikiri, "ile bajaji ya kwendea mama, tulivyopita kwenye dimbwi." Bajaji! Sikulala vizuri siku ile nikiwaza ile hela.

Basi nikaanza kupanga mitoko kwa chombo, na cha kwanza kabisa ninachomshauri mtu ni pantoni. Kutoka Magogoni kwenda Kigamboni mtu mzima ni shilingi mia mbili, nauli niliyoizoea miaka yote hii, na kwa hiyo mia mbili mtoto anapata meli, bahari, upepo, magari yanayoingia kwenye meli (hili kwa wa kwanza wangu lilikuwa muujiza mtupu, gari linaingia ndani ya meli!), na mkibahatika inapita meli kubwa ya mizigo inaingia bandarini kwenye ule mlango mwembamba, imebeba makontena kama ghorofa, pantoni inaisubiri ipite na watoto wote mle ndani wananyamaza kimya. Nenda Jumapili asubuhi, saa mbili saa tatu hivi, usiende jioni. Geti likifunguliwa watu wanakimbia sana kuwahi nafasi, usikimbie nao, shika mikono ya watoto simama pembeni wapite kwanza, nafasi ipo. Mkifika upande wa pili si lazima muende mbali, kunyweni madafu mrudi, sisi mara ya kwanza tulivuka mara nne siku hiyo hiyo kwa sababu walikataa kushuka, na nikawaacha.

Mkirudi upande wa mjini piteni Feri kwenye soko la samaki. Najua kuna harufu, najua kuna maji chini, vaeni viatu vinavyooshwa. Lakini mtoto wa Dar anayekula changu kila wiki bila kuona mnada wa samaki ananyimwa kitu chake. Yule anayenadi anavyotaja bei haraka haraka, wamama wa kukaanga wamesimama na madishi yao wanabishana, ngisi, pweza bado anajikunja, wangu wa miaka sita alisimama pale nusu saa nzima na hakuniomba simu hata mara moja. Halafu unanunua samaki wako mbichi kwa bei ya pale, mnaenda kumla nyumbani, na huyo samaki watamsimulia wiki nzima.

Cha pili ni daladala ya Makumbusho. Wangapi wetu tumeshuka kituo cha Makumbusho maisha yetu yote na hatujawahi kujiuliza jina limetoka wapi? Kijiji cha Makumbusho kiko pale pale barabara ya Bagamoyo, kipo tangu miaka ya sitini, na ndani zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali zenyewe kwa ukubwa wake kabisa, msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo na nyingine nyingi, mtoto anaingia ndani anaona jiko lilikuwa wapi na mbuzi walilala wapi. Sisi kwetu ni Dodoma upande wa baba yao, na wanangu wamezaliwa Tabata, hawajawahi kuona tembe, na bibi yao alizaliwa ndani ya tembe. Nilivyowaambia hivyo wakaingia tena mara ya pili wakakaa chini sakafuni. Hapo mimi ndo nilitokwa na machozi. Hamna mchezo wa kulipia utakaonipa kitu kama kile.

Na ile Makumbusho ya Taifa ya mjini, mtaa wa Shaaban Robert, nayo nzuri ila kwa wakubwa kidogo, kuanzia miaka saba nane. Pale kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, la miaka kama milioni 1.75, na magari waliyopanda viongozi wa zamani, na kwenye magari ndo utakaa sana, nakuambia mapema. Ukitoka hapo bustani ya mimea iko jirani tu, kaeni kwenye kivuli fungueni hotpoti mle.

Sasa SGR, ile treni ya umeme. Tangu ianze safari za Morogoro Juni 2024 mimi nimeshaenda nao mara tatu, daraja la kawaida mtu mzima ilikuwa 13,000, wa miaka minne mpaka kumi na mbili wanalipa nusu na chini ya minne bure. Kwa familia ni hela, sisemi ni rahisi, sisi tunachangia kwenye kibubu miezi miwili ndo tunaenda. Lakini fikiria mtoto anatoka Dar asubuhi, chini ya saa mbili baadaye anaona milima ya Uluguru ile pale na mawingu juu yake, treni inaenda kilomita 160 kwa saa na wa kwanza amekodolea macho kile kibao cha spidi anatusomea namba kwa sauti mpaka abiria wengine nao wakaanza kusubiri namba. Baba yangu alikuwa anatusimulia treni ya zamani kwenda Morogoro mnakula usiku mzima njiani. Nunueni tiketi mapema maana wikiendi zinajaa, na stesheni ya Morogoro iko nje ya mji kidogo kwa hiyo tenga hela ya bajaji (na hapo bajaji nayo inakuwa zawadi, kama nilivyosema).

Bahari nimeiacha makusudi maana hapa nina neno kubwa zaidi. Wazazi wengi tunapeleka watoto Coco jioni, saa kumi saa kumi na moja, maji yamejaa, watu wamejaa, mawimbi yanapiga, kazi yako yote ni kupiga kelele "rudi huku, rudi huku". Mzee mmoja mvuvi kule Kigamboni ndo alinifungua macho. Akaniambia mama angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida, na siku za bamvua huku kwetu maji yanajaa kama saa kumi na yanakupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake asubuhi ya bamvua, saa tatu mpaka saa tano, bahari imekwenda mbali kabisa na pale Coco kwenye miamba panabaki vidimbwi, ndani yake kuna vikaa, konokono, visamaki vidogo, kiti cha pweza ukibahatika. Maji ya kifundoni, jua bado halijachoma sana, mtoto anachutama masaa mawili kwenye kidimbwi kimoja. Wavalishe raba za zamani kwa ajili ya miba na mawe, waambie waangalie tu wasibebe, na saa tano muanze kutoka kabla maji hayajarudi. Mihogo ya kukaanga na kachumbari mnamalizia juu. Siku hizi wangu wakiona mwezi mzima dirishani wananiamsha.

Na hapa ndo naomba jiji letu litusikie. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, lakini tembea ufukweni na watoto uone unavyokutana na ukuta, unarudi barabarani, unatafuta njia nyingine, ukuta tena. Mtoto wa Mbagala au wa Gongo la Mboto bahari ni yake pia. Halafu vyoo! Mwenye mtoto wa miaka mitatu anajua ninachosema, mtoko mzima unapangwa kwa kufuata choo kiko wapi, na mara nyingi unaishia kununua soda usiyoitaka kwenye mgahawa ili mtoto aruhusiwe kuingia. Choo safi cha kulipia na miti minne ya kivuli karibu na kila sehemu ya wazi, hicho tu, michezo watajitengenezea wenyewe.

Bagamoyo na magofu ya Kaole naiacha kidogo, ni kama kilomita 70 na kwa mtoto mdogo kwenye daladala ni mateso, nasubiri kitindamimba akue. Pugu tumeenda mara moja tu, msitu ni mzuri na pale kuna shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha kazi mwaka 1955, ila tulinyeshewa tukarudi, kwa hiyo sina la kusema zaidi mpaka nirudi tena.

Kwa sasa kibubu kimeshatikisika vizuri. Kitindamimba anatimiza minne mwezi ujao, ataanza kulipa nusu, kwa hiyo Morogoro tunaenda Jumamosi hii hii, treni ya asubuhi, na amesema yeye ndo anakaa dirishani.