Kurudi Kuwa Mwanagenzi

Mtu akianza kuandika umri ukiwa umekwenda, tena akitoka kwenye kazi ya misukosuko, neno la kwanza analoambiwa ni kwamba ana mengi ya kusimulia. Nimeambiwa hivyo tangu nilipoacha meli nikashika kalamu, na walioniambia walinitakia mema. Hata hivyo siamini kwamba wingi wa mambo ndio humfanya mtu awe mwandishi. Nimefanya kazi na mabaharia walioizunguka dunia, walioponea dhoruba, wakasimulia vizuri mno wakati wa zamu za usiku, na wengi wao hawakuandika hata ukurasa mmoja.

Kilichonisaidia mimi ni kule kuhama kazi, kuliko bahari yenyewe. Kabla ya kwenda baharini nilikuwa mhasibu, nina meza yangu na watu wanaokuja kuniuliza. Kwenye sitaha nikawa mgeni wa kila kitu, chini ya vijana wadogo kwangu waliojua nisichokijua: shika hapa, legeza, ondoka hapo. Anayekubali kufundishwa akiwa mtu mzima ameshavuka kizuizi kikubwa kuliko vyote katika uandishi, maana kalamu nayo inamtaka aanze chini, na cheo cha zamani hakimsaidii kitu.

Mtazame Joseph Conrad, baharia aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya kwa Kiingereza. Alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipolandi, akaenda Marseille mwaka 1874 akiwa bado kijana mdogo kutafuta kazi ya baharini. Mwaka 1878 aliingia kwenye meli za Waingereza akiwa hajui Kiingereza cha maana, na kufikia 1886 alikuwa amefaulu mtihani wa unahodha katika lugha hiyohiyo. Riwaya yake ya kwanza aliianza mwaka 1889, akaihamisha huku na huko katika safari zake, hadi Kongo, na ikatoka mwaka 1895 akiwa na miaka 37. Wasomaji humsifu kwa mambo aliyoyaona baharini. Mimi namsifu zaidi kwa kukaa chini na lugha yake ya tatu, baada ya Kipolandi na Kifaransa, sentensi baada ya sentensi, ilhali tayari alikuwa na cheti cha unahodha mkononi.

Raymond Chandler, mwandishi wa Kimarekani wa riwaya za upelelezi, naye alipoteza kazi yake kwenye kampuni ya mafuta mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 44. Ili ajifunze, alichukua hadithi ya upelelezi ya mwandishi mwingine, akatengeneza muhtasari wake wa kina, akaiandika upya kutokana na muhtasari huo, kisha akalinganisha yake na ile ya mwenzake na kurudia tena. Mtu aliyekuwa mkubwa wa ofisi alikubali kufanya zoezi la mwanafunzi! Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1939. Zoezi hilo nalipendekeza kwa yeyote anayeanza akiwa mtu mzima, kwa sababu litamwonyesha mahali sentensi zake zinapokwama kuliko sifa zozote za ndugu na marafiki.

Kuhusu cha kuandika, nina msimamo mkali kidogo. Dhoruba zote zinafanana kwenye karatasi. Ukiandika mawimbi makubwa na hofu kubwa, msomaji ameshavisoma. Lakini serahangi wangu, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alinifundisha mahali pa kutosimama wakati kamba inayoifunga meli gatini imekazwa, kwa kuwa ikikatika hurudi kwa kishindo kinachoweza kumuua mtu, na haimpi nafasi ya kukimbia. Alinifundisha pia kuisikiliza kamba. Maarifa ya namna hiyo ndiyo utajiri wa mtu aliyechelewa kuanza: muuguzi anayo, dereva wa malori ya masafa marefu anayo, mwalimu anayo. Hayapatikani kwa kukisia, na msomaji huyatambua mara moja. Andika kazi ilivyofanyika, mikono ilikuwa wapi, nani alimwamuru nani. Ushujaa wako msomaji atauona mwenyewe.

Umri nao una mtego wake, nao ni haraka. Unahisi muda umekwisha, kwa hiyo unataka rasimu ya kwanza iwe kitabu. Mwandishi wa Uingereza Penelope Fitzgerald alichapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1975 akiwa na miaka 58, na mwaka 1979 akapata tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya nchini Uingereza, kwa riwaya fupi inayowahusu watu waishio kwenye mashua za mto Thames, maisha aliyoyaishi mwenyewe. Ufupi huo unanigusa sana. Alikuwa na haki ya kusema mengi, akachagua machache.

Na pesa? Hapa naomba nisikilizwe na anayetaka kuacha mshahara kesho asubuhi. Conrad aliishi na madeni kwa miaka mingi baada ya kuacha meli, na kitabu chake cha kwanza kuuzwa kwa wingi kilikuja karibu na mwaka 1914, takribani miaka ishirini tangu kile cha mwanzo. Kama kazi uliyonayo inakuachia saa moja ya utulivu kwa siku, anza na saa hiyo huku ukipokea mshahara wako. Meli niliiacha baada ya kuhakikisha kwamba naweza kuishi bila kitabu kuuzwa.