Ukiwa na Ziwa Mbele Yako, Nunua Polaraiza Kwanza

Vijana wanaoanza kupiga picha hapa Mwanza huambiwa dukani wafunge filta ya UV, kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno ya jua, kwenye lenzi mpya kabla ya jambo lolote. Mimi nasema waiache, na hela hiyo waiongezee kwenye polaraiza, filta inayokata mng'ao.

Enzi za filamu, UV ilikuwa na kazi, maana filamu ilinasa miale hiyo na mandhari ya mbali yakatoka na utusitusi wa samawati. Kamera ya dijitali huizuia yenyewe, kwa kioo kilichowekwa mbele ya sensa. Basi UV imebaki kuwa kinga ya lenzi tu, na ikiwa ya bei chee, ukipiga jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck unaweza kukuta kijiduara cha mwanga kinaelea mahali ambapo hakuna kitu. Hudi, ile kofia ya plastiki ya mbele, inakinga dhidi ya kugongwa na haigusi ubora wa picha.

Polaraiza ni habari nyingine. Nenda mwaloni Kirumba asubuhi jua likishapanda, elekeza kamera kwenye mtumbwi uliofungwa karibu na ufuko. Bila filta, maji ni bati jipya juani. Sasa funga polaraiza, zungusha pete yake ya mbele taratibu huku unachungulia: mng'ao unakatika, kijani cha maji kinajitokeza, rangi za mbao zilizolowa zinakolea. Nguvu yake ni kubwa zaidi ukiyatazama maji kwa mshazari, kama nyuzi 37 kutoka usawa wake. Hakuna programu ya kuhariri inayoweza kurudisha kilichofunikwa na mng'ao, kwa sababu kamera haikukiona. Polaraiza inakula stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo giza likianza kuingia ivue. Ivue pia kwenye lenzi inayonasa eneo pana sana, la sivyo anga la buluu litatoka na baka jeusi.

Filta za ND, vioo vya kiza vinavyopunguza mwanga, je? Ya stopu 10 hugeuza muda wa kunasa picha kutoka sekunde 1/60 hadi kama sekunde 16. Mawimbi ya Capri Point yatalainika kama unavyotaka, lakini mvuvi anayepiga kasia atafutika kabisa. Ziwa hili ni la watu walio kazini, na picha inayowafuta hainishawishi hata iwe laini vipi. Kwenye mawe matupu, itumie. Penye mitumbwi, ibaki mkobani.