Misa yangu bado iko kwenye faili ya kamati

Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya hapa Nakuru, tuligawiwa karatasi ya "Mtakatifu" iliyopigwa fotokopi mara nyingi hadi nota za besi, d (do) na r (re), hazitofautishiki. Pale juu, mahali pa jina la mtunzi, pamebaki doa jeusi. Hakuna aliyeuliza ni ya nani wala nani kaipitisha. Jumapili tukaiimba.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuuliza. Miaka minne iliyopita nilipeleka Misa yangu, yaani seti ya nyimbo za ibada ya Misa ya Kikatoliki, Bwana Utuhurumie hadi Mwanakondoo, sauti nne, kwa kamati ya kanisa inayopitia tungo mpya. Sijaambiwa imekubaliwa, sijaambiwa imekataliwa. Kwa hiyo mtu akisema kamati hizi zivunjwe, kila kwaya iimbe inachopenda, moyo wangu unamkubalia haraka.

Akili inakataa. Maneno ya Misa si mali ya mtunzi: Mwongozo wa Misale ya Kirumi, yaani kanuni za kuadhimisha Misa, unakataza kubadilisha maneno ya Utukufu au kuweka wimbo mwingine mahali pa Mwanakondoo, na wapo wanaofanya hivyo wakidhani wanachangamsha ibada. Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiipandisha "ta" ya "mtakatifu" hadi nota ya juu na kuivuta mapigo matatu, huku "ti" ikipitwa mbio, neno linavunjika mdomoni mwa waumini. Kisumu wana mzigo zaidi, kwani Dholuo ni lugha ya toni: sauti ikipanda pasipofaa, neno laweza kugeuka lingine. Haya yanataka sikio la pili, tena lisiwe la rafiki wa mtunzi.

Shida ni kwamba wenye masikio hayo mara nyingi ni watunzi pia. Mtu anapima tungo za wenzake asubuhi, na yake imo kwenye rundo hilohilo. Sisemi anadanganya. Nasema hata akiwa mtakatifu, atapendelea mtindo aliolelewa nao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisema tangu 1963 kwamba muziki wa asili wa watu upewe heshima yake, lakini peleka Utukufu wenye mapigo ya isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, uone utakavyoulizwa kama hiyo si ya matanga. Wimbo wa kinanda uliofuata zaburi za Kizungu hauulizwi kitu. Kosa la maneno laweza kuonyeshwa kwa kidole. Ladha haionyeshwi, na hapo ndipo watu hukataliwa bila maelezo.

Sheria ya hakimiliki ya 2001 haimsaidii sana mtunzi hapa. Inampa haki tangu anapoandika, maisha yake yote na miaka 50 baada yake, lakini haimlazimishi mtu kuuchapa wimbo. Na hata ukichapwa, fotokopi inasubiri mlangoni.

Wajumbe nao wana hoja: wanajitolea, wanakutana baada ya kazi, na rundo ni refu. Basi wapokee tungo mwezi mmoja tu kwa mwaka. Jina la mtunzi lifunikwe kabla ya kusomwa. Mwenye tungo mezani atoke nje wakati wa kuijadili. Na jibu liandikwe, hata kama ni mistari miwili.

Jana usiku niliitoa nakala ya Misa yangu kabatini nikaiimba taratibu, peke yangu. Kwenye "Mtakatifu" wa tatu, "ta" imekaa nota ya juu, mapigo matatu. Mjumbe yeyote angeiona kwa dakika moja, na kalamu alikuwa nayo.